Umeweka Linux ukarudi Windows siku ya nne? Njoo tuongee

Juzi usiku nimeshafunga ofisi, nimeshavua viatu, meseji ikaingia WhatsApp. Ni ndugu mmoja wa Moshi, yuko Pasua, ana steshenari kama mimi. Kaandika: "Kaka habari za kazi. Nilifuata ushauri wako nikaweka Linux Mint, siku ya nne nikamwita fundi anipigie windo upya. Wateja walikuwa wananiangalia. We uliwezaje kuvumilia?"

Nilianza kumjibu kwa voisi nikaona inafika dakika kumi, nikaifuta. Ngoja niandike hapa maana najua yeye sio wa kwanza (kwa asiyejua, Linux ni mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na Mint ni aina yake mojawapo), tangu Windows 10 ikome kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 kila mtu mwenye kompyuta ya mtumba ananiuliza habari hizi, na wengi wanaishia palepale alipoishia yeye. Na lile neno lake la wateja kumwangalia limenigusa pabaya.

Mimi ofisi yangu iko Sakina hapa Arusha, kompyuta tatu zote used, ile kubwa ni Dell Latitude ya Core i5 kizazi cha tatu, RAM giga 4. Windows 11 inataka kitu kinaitwa TPM 2.0, cha usalama wa kompyuta, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida wanaanzia kizazi cha nane. Yangu cha tatu. Kununua tatu mpya hela sina, nina ada za watoto. Na tusidanganyane, Windows yenyewe niliyokuwa natumia ilikuwa ya kukraki, yale maandishi ya kuaktiveti yamekaa pale chini kulia miaka mpaka nikawa siyaoni tena. Kwa hiyo mwishoni mwa 2024 nikajisemea nianze mapema kabla ya watu wote.

Linux sikuwa mgeni nayo kihivyo. Enzi niko chuo Ubuntu, aina nyingine ya Linux, walikuwa wanatuma CD za bure kwa posta, unajaza anwani yako tu mzigo unakuja, jamaa yangu wa hosteli aliagiza akanigawia moja. Nikaiwasha, nikaona kila kitu rangi ya kahawia, nikaitoa. Ile CD ilimalizia maisha yake shambani kwa bibi Tengeru, imetundikwa kwenye kamba inafukuza ndege. Leo nikikumbuka nacheka lakini pia inaniuma, yani ningekuwa na miaka kumi na kitu ya uzoefu saa hizi.

Basi nikachagua Linux Mint 22, ile yenye mwonekano wa Xfce maana ni nyepesi. Hawa jamaa wa Mint matoleo yao wanayapa majina ya kike, hiyo 22 inaitwa Wilma. Sasa mimi kwa akili zangu nikaandika kwenye kikaratasi "Wilma Jumapili usiku, bando GB 3" nikakiacha juu ya meza nyumbani. Wakuu, nilieleza mpaka mate yakaisha mdomoni. Ilibidi nifungue laptop nimwonyeshe mke wangu neno Wilma limeandikwa kwenye tovuti yao ndio chakula kikapakuliwa.

Kuinstoli sitaeleza sana, video ziko nyingi. Unaiweka kwenye flashi, kwenye Dell unabonyeza F12 wakati inawaka, unachagua flashi, inafunguka bila kugusa diski yako, unaijaribu kwanza. Ukiridhika unainstoli. Ila ukifika pale inapouliza kufuta diski nzima, simama. Umehamisha mafaili? Hamisha mafaili. Nimesema hamisha mafaili.

Sasa tuje kwenye maumivu.

Wiki ya kwanza akaja mama mmoja na mtoto anaenda kuanza darasa la kwanza, anataka picha za pasipoti nne, haraka, kaacha bajaji inamsubiri nje. Kazi hiyo kwenye Photoshop nilikuwa naifanya huku napiga stori za mpira. Sasa niko kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Nimempiga mtoto picha kwenye ukuta wangu uliochakaa, nataka nyuma pawe bluu. Nikauchagua ule ukuta, nikabonyeza Delete, ukawa mweupe. Nikarudisha. Delete tena, mweupe tena. Mtoto kaanza kuchezea stepla. Bajaji inapiga honi. Nikafungua menyu moja, ya pili, ya tatu, nasoma maneno kama mtu anayesoma hati ya mahakama, jasho linatoka. Mama akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, kama mashine mbovu niambie tu niende kwa jirani." Akaenda kwa jirani. Na jirani yangu huyo ndio yule aliyeanza kuniita "haka", yani hacker, kila akipita mlangoni, mpaka leo bado ananiita hivyo.

Usiku nikakaa na ile picha ya mtoto mpaka saa sita. Kumbe ni hivi, kwenye GIMP pale penye vifaa kuna viboksi viwili vya rangi vimelaliana, cha mbele na cha nyuma. Ukifungua picha ya kawaida ya JPEG, ukichagua sehemu ukabonyeza Delete, inajaza rangi ya kile kiboksi cha nyuma. Changu kilikuwa cheupe, basi. Nikakiweka bluu, nikachagua ukuta, Delete, bluu ikakaa. Sekunde. Na kwa kazi ya pasipoti naona ni rahisi kuliko nilivyokuwa nafanya mwanzo. Lakini mama hayupo, na buku tatu zangu hazipo.

Hapo ndio nikaelewa, ndugu yangu wa Pasua, na naomba unielewe. GIMP ya watu haikuwa na kosa lolote. Kilichokuwa kinaniuma ni mimi miaka tisa kwenye hii kazi, naonekana kama mwanafunzi wa fildi mbele ya mteja. Vidole vyangu vilikuwa vinajua njia yake na mimi nikavihamishia mji mwingine bila kuvitembeza kwanza. Watu wengi wanaorudi Windows wakiniambia Linux ngumu huwa nawauliza, ilikushinda ukiwa peke yako au ilikushinda mbele ya watu? Wengi wananyamaza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, usijifunzie mbele ya mteja. Jifunze usiku. Chukua daftari, andika kazi zote ulizofanya wiki iliyopita, zote, halafu kila usiku fanya moja kwenye Linux mpaka mwisho, mpaka karatasi itoke kwenye printa. Yangu ilikuwa na CV, barua za kazi, kuskani, kadi za mchango wa harusi, pasipoti, mitihani. Mambo ya mtandaoni hayakunisumbua, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, mikopo ya HESLB, Ajira Portal, vyote hivyo unafungulia Firefox tu, na Firefox ni ileile.

Mitihani lakini. Dah.

Kuna shule moja ya chekechea nilikuwa nawaprintia mitihani kila muhula, kazi ya uhakika. Mwalimu analeta flashi, mtihani ameuchapa mwenyewe kwenye Word kwa ile Comic Sans wanayoipenda walimu wa watoto. Nikafungua kwenye LibreOffice, ile ya kuchapia ya bure badala ya Word, ikafunguka vizuri, nikatoa kopi 180, nikabana pini, nikamkabidhi. Kesho yake asubuhi kaja kabla sijafagia. Kaniwekea karatasi mezani hajanisalimia. Swali la kuoanisha: kompyuta yangu haikuwa na Comic Sans, ikaweka fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari ikasogea, picha zikabaki. Mbuzi amekaa kwenye mstari wa samaki. Kikombe kiko kwenye nyumba. Na mstari wa mwisho umehamia ukurasa wa pili peke yake na picha ya jua. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi wewe hukuangalia hata moja?" Sikuangalia hata moja. Karatasi nilirudia kwa hela yangu lakini muhula uliofuata hakuja, na nikikutana naye kwenye daladala ananisalimia vizuri kabisa, sasa hiyo ndio inaniumiza zaidi.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa kuandika kwenye terminal, lile dirisha la kuiamrisha kompyuta kwa maandishi:

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer

Inakuletea Arial, Times New Roman, Comic Sans na wenzake. Ila kuna mtego, katikati inakuletea ukurasa wa masharti ndani ya terminal, na pale mausi haifanyi kazi, unabofya neno OK mpaka kidole kiume. Bonyeza Tab, OK ikiwaka bonyeza Enter. Nimeshapigiwa simu na watu watatu waliokwama hapo wakazima kompyuta kwa kitufe. Na kazi ya mtu yenye picha mwombe PDF, na wewe ukimpa mtu kazi mpe na PDF. Hilo ningelifanya tangu mwanzo ningekuwa na ile shule mpaka leo.

Halafu nina dhambi nyingine ya kukiri. Siku moja naapdeti, nikaona maneno kwenye terminal nikataka kuyakopi nimuulize mtu, nikabonyeza Ctrl na C kama kawaida ya mikono. Mle ndani Ctrl+C haikopi, inasimamisha kazi. Ikasimama katikati. Baada ya hapo kila nikitaka kuinstoli kitu inanigomea. Nikahangaika siku mbili, mpaka siku niliposoma ule ujumbe wenyewe taratibu nikakuta dawa imeandikwa humohumo, sudo dpkg --configure -a, nikaipiga, ikapona. Siku mbili! Yani tumezoeshwa kufunga kila kiboksi kinachotokea bila kukisoma. Huku soma. Kiingereza kikikushinda weka kwenye simu ikutafsirie, lakini soma. Kukopi mle ni Ctrl+Shift+C.

Miezi kama miwili ya katikati hapo haina la kusimulia, nilikuwa nafanya kazi tu, naboreka, nafanya kazi.

Sasa niwape raha yangu. Mnajua vile virusi vya flashi, mwanafunzi anakuja analia, flashi nzima imebaki na shotkati moja, na risechi yake iko humo na kesho anakabidhi. Mwezi uliopita kaja binti yuko hivyohivyo, ametoka kuambiwa na fundi kwamba data zimepotea, alipie elfu thelathini ajaribu kurikava. Nikachomeka kwenye Mint. Ile shotkati iko pale, imekaa kama gogo, maana imetengenezwa kwa ajili ya Windows, huku haina pa kukimbilia. Na pembeni yake kuna folda haina jina, kwenye Windows inafichwa huioni, kwenye Mint inaonekana kama folda zingine tu. Nikabofya. Risechi yake yote, sura ya kwanza mpaka ya tano, na picha za birthday. Binti akaruka akagonga kichwa kwenye rafu. Nilimchaji mia tano ya kuprinti kava. Na nani alikuwa amesimama mlangoni anaomba stepla? Jirani. Sikusema kitu. Nilimpa stepla.

Sasa msianze kuniambia Linux haiguswi na virusi, hapana, usiingize password yako kila inapoombwa kama mtu anayesaini mahudhurio. Washa Timeshift, iko ndani ya Mint tayari, inakutunzia hali ya mfumo ili ukiharibu urudi nyuma. Ila Timeshift inatunza mfumo, mafaili yako tunza mwenyewe kwenye diski ya nje. Vijana mnapenda kukimbilia terminal mjione wakubwa, mnakopi maamrisho kutoka mtandaoni hamjui yanafanya nini, mkiharibu mnaitukana Linux. Kila mtu anataka kuwa mtaalamu Jumatatu wakati Jumapili ndio kainstoli. Linus Torvalds alianza hii Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na mpaka leo watu bado wanaijenga, wewe unataka uimalize kwa siku nne. Subira jamani. Mbona pikipiki tulijifunza kwa kuanguka pale uwanjani na hakuna aliyerudi kutembea kwa miguu?

Ndugu yangu wa Pasua, usifute windo yako uliyopigiwa. Iache. Weka Mint kwenye ile kompyuta ya pembeni, ile ya kuchapia tu, jipe mwezi mzima wa usiku, kazi moja moja. Jifunze usiku. Mteja akija mchana mhudumie kwa ulichokizoea. Siku ukijikuta umeenda kukaa kwenye ile ya pembeni bila kufikiria, hamia. Ukikwama nitumie picha ya skrini, sio voisi, na nionyeshe maneno yote.

Na kabla hamjanivamia kwenye koment, najua kuna watu wameshafika ofisini kwangu, watasema. Ndio, kuna kompyuta moja pale kona imefunikwa kitenge. Ina Windows. Ile printa yangu kubwa ya zamani haina draiva ya Linux, nimetafuta mwaka mzima, nimejaribu za ndugu zake zote, inatoa kurasa nyeupe. Hiyo mashine nimeinyima intaneti kabisa, naipelekea PDF kwa flashi, inaprinti, naifunika.