Muulize Shangazi: Nataka kilti ya harusi ya bei nafuu mtandaoni, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi Glasgow mwaka wa tatu sasa, rafiki yangu wa kazini ni Mskoti na anaoa baada ya wiki kumi, ameniomba niwe mmoja wa wasimamizi wake na wote upande wa bwana harusi tunavaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti. Kukodi naweza ila naona bora ninunue yangu kabisa manake mwakani nina harusi nyingine na kazini kwetu kila Januari kuna chakula cha Burns Night, usiku wa kumkumbuka mshairi wao Robert Burns. Bajeti ni £300 basi. Nimekuta mtandaoni seti nzima mpya, kilti, koti, kizibao, sporani (ule mfuko wa mbele), soksi mpaka viatu, £160 tu, wanasema ni yadi 8 na wanashona kwa vipimo vyangu, eti niwatumie saizi ya jeans ninayovaa. Navaa 34. Nichukue? Na koti niagize Prince Charlie au Argyll? Msomaji, Glasgow

SHANGAZI: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuombwa kusimama na rafiki yako. Hiyo hela usiitume kwanza.

Kilichonishtua sio hata bei, ni hapo wanapotaka saizi ya jeans. Kilti haikai pale jeans inapokaa. Jeans inashuka kwenye nyonga, kilti inapanda mpaka usawa wa kitovu au juu yake kidogo, na hapo wanaume wengi ni wanene kuliko wanavyodhani, mtu wa jeans 34 unaweza kukuta kitovuni ni 36, 37, mpaka 38. Muuzaji anayeijua kilti hawezi kukuuliza jeans, na kama hilo halijui basi hata hizo yadi 8 zake mimi nazitilia shaka.

Nakwambia hivi kwa uchungu manake yalinikuta. Mwanangu mkubwa alipomaliza chuo hapa Uskoti nikamwagizia seti kama hiyo hiyo, £110, nikajiona nimepata, nikaandika 32 kama jeans zake. Ilipofika, mikanda ya ubavuni haifikii, kile kipande bapa cha mbele hakifiki kinapotakiwa kufika, akipiga hatua paja lote nje. Kitambaa akriliki tupu, marinda yalikuwa yameshalegea tangu kwenye mfuko. Kuwaandikia turudishe, wakajibu imeshonwa kwa oda maalum hairudi. Tukaishia kukodi siku mbili kabla ya mahafali, kwa hiyo nililipa mara mbili na ile ya kwanza mtoto hajaivaa mpaka leo. Sitaki na wewe ikukute.

Sasa tafuta mtu akupime, usijipime mwenyewe, ukiinama tu kuangalia futi vipimo vinahama. Simama wima macho mbele, huyo mtu azungushe futi ya fundi kwenye kitovu, bila kubana na bila kulegeza, halafu azungushe kwenye makalio pale yanapotokeza zaidi, halafu apime urefu kutoka kitovuni mpaka katikati ya goti. Angalia pia mwongozo wa muuzaji mwenyewe, wengine wanaanzia urefu sehemu tofauti kidogo, fuata wa yule unayenunua kwake na sio wa mwingine. Ukitaka kuhakikisha kilti ikishafika, ivae upige magoti chini, pindo lisilale sakafuni, liachie nafasi kidogo tu, na ukisimama liwe juu ya goti au katikati yake. Kwenye urefu usikubali kabisa kukosea. Kiuno mikanda inaweza kukusaidia inchi moja au mbili, lakini kilti ya asili chini haina pindo la kukunja, ule ni ukingo wa kitambaa chenyewe kama kilivyotoka kwa mfumaji, kwa hiyo kuifupisha fundi inabidi aifumue kuanzia juu, na hiyo kazi inaweza kukugharimu kuliko ulivyonunulia.

Tuje kwenye kitambaa. Kilti yenyewe hasa ni sufu, na ile ya yadi 8 ina kama mita 7.3 za kitambaa ambazo karibu zote zimefichwa nyuma kwenye marinda, ndio maana mtu akitembea inacheza vile na akisimama inatulia. Uzito wa kitambaa wanautaja kwa aunsi za kila yadi, 13 ni ya kati na 16 ni nzito, na kilti ya yadi 8 ya uzito huo ukiipima inapita kilo moja. Kwa hiyo muulize muuzaji kilti peke yake ina kilo ngapi. Akikwambia gramu mia sita, hizo yadi 8 hazipo. Muombe pia picha ya mgongoni, karibu, yenye mwanga. Kilti iliyoshonwa na mtu anayejua, marinda yake yamepangwa ili mchoro wa tartani, yaani ile mistari ya rangi inayokatizana, uendelee nyuma kama ulivyo mbele, au mstari mmoja ujirudie kwenye kila rinda kama za kijeshi, zote mbili ni sawa. Ukiona nyuma michoro imekatika hovyo achana nayo. Akriliki inatoa vipele vya nyuzi na marinda hayashiki. Kuna kitu cha katikati wanakiita poliviskosi, mchanganyiko wa poliesta na viskosi, Marton Mills wa Yorkshire wanafuma tartani za namna hiyo, marinda yanashika na unaweza kuifua nyumbani, hiyo kwa mtu mwenye bajeti ndogo siidharau hata kidogo, ila ijue tu kwamba sio sufu.

Haya, £300 utapata nini? Ya kushonwa kwa mkono kwa sufu mpya hapana, hiyo kilti tupu bila koti inapita £400 na mafundi wazuri wanakuchukulia wiki nyingi ambazo huna. Mimi ningekuwa wewe ningenunua iliyokuwa ya kukodisha. Maduka ya kukodisha kilti hapa Uskoti kila baada ya muda yanauza nguo zao za zamani ili waweke mpya, na wengi wanaziuza mtandaoni, kilti ya sufu ya uzito mzuri na koti na kizibao chake kwa bei ambayo mpya huiwezi. Zimeshonwa zivumilie kuvaliwa kila Jumamosi na watu wa kila umbo, na nyingi zina mikanda ya kurekebisha zaidi ya kawaida. Uliza tu kama kuna tundu la nondo, uliza hali ya bitana ya ndani na ngozi ya mikanda, na ukiipata ipeleke kwa dobi wa kemikali kabla ya siku yenyewe. Mtumba wa sufu utakuvusha miaka ishirini mwanangu. Na mtumba wa mtu binafsi upo pia, wanaume wengi wananunua seti kwa ajili ya harusi yao moja halafu tumbo linakua, wanaiuza ikiwa kama mpya, humo ndio unapata vitu vizuri kabisa kama una subira ya kuangalia kila siku.

Koti. Prince Charlie ni lile fupi lililo wazi mbele, lenye mkia mdogo nyuma na vifungo vya fedha, linavaliwa na kizibao cha vifungo vitatu na tai ya kipepeo, ni la jioni, la sherehe rasmi. Argyll ni la kawaida zaidi, linafungika, mchana unalivaa na tai ndefu na jioni ukitaka unaweka ya kipepeo. Kwa mtu anayenunua koti moja la kuvaa harusini na kazini nasema Argyll bila kusita, ila muulize bwana harusi kwanza, kama wenzako wote wako na Prince Charlie wewe usiwe tofauti kwenye picha zake. Koti la suti uliyonayo usiliweke juu ya kilti, ni refu mno, linafunika sporani na marinda, la kilti linakatwa fupi makusudi.

Vitu vya kubana hela sasa. Viatu vile vya ghillie visivyo na ulimi, vyenye kamba ndefu za kuzungusha kifundoni, ni vizuri lakini viatu vyako vyeusi vya ngozi vya kazini vikipigwa rangi vinafaa kabisa. Shati jeupe unalo. Mkanda mpana wenye bizimu kubwa usinunue kama unavaa kizibao, kwa utaratibu havivaliwi pamoja, na kilti haianguki bila mkanda, ina mikanda yake ubavuni. Sporani ziko za ngozi tupu za mchana na za manyoya za jioni, chukua ile ya katikati yenye ngozi na manyoya kidogo, itakaa kote kote, na ining'inize upana wa kiganja kimoja chini ya kizibao, wengi wanaishusha mno. Ya ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, usiguse, biashara yake imebanwa na sheria. Soksi ziwe za sufu, zikunjwe chini ya goti kama vidole vitatu hivi, na zile tepe za rangi za kwenye mikanda ya kushikia soksi zichungulie kwa nje. Mbele ya kilti kuna vipande viwili vinavyopishana, pini inachomwa cha juu peke yake, ukishika vyote viwili utachana kitambaa siku ya kwanza ukikaa.

Kwenye kulipa, ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara wa hapa una siku 14 tangu upokee za kusema nimeghairi, bila hata kutoa sababu, halafu siku 14 nyingine za kurudisha mzigo. Lakini kilichoshonwa kwa vipimo vyako hakimo humo, ndio ule mtego ulionipata mimi, isipokuwa kiwe na kasoro, hapo sheria ya haki za wateja ya 2015 inakupa siku 30 za kukikataa na kudai hela yako yote. Kwa mtu binafsi anayeuza yake hizo siku 14 hazipo, kwa hiyo kama yuko karibu nenda ukajaribu. Kitu kinachozidi £100 lipa kwa kadi ya mkopo kama unayo, dili likiharibika benki nayo inawajibika. Na seti nyingi za bei ya chini sana zinatoka Sialkot, Pakistan, mji unaotengeneza kilti na zile zumari za Kiskoti zenye mfuko (bagpipes) kwa wingi, wako wanaofanya kazi safi kule sisemi hapana, ila angalia VAT ya asilimia 20 imo kwenye bei au bado, na mzigo ukizidi £135 unaweza kudaiwa ushuru na gharama za msafirishaji mlangoni. Kurudisha huko nako ni hela nyingine.

Niandikie ukishapimwa kitovuni.

SWALI: Dada habari za kazi. Mume wangu mtarajiwa kaniambia nimtafutie kilti ya harusi yetu hapa Dundee lakini sisi wote hatuna ukoo wa Kiskoti, naogopa tukichagua tartani ya ukoo wa watu tutaonekana tumewakosea adabu. Kuna sheria? Bibi harusi, Dundee

SHANGAZI: Salama dada yangu, hakuna sheria inayokukataza na Waskoti niliokaa nao wanafurahi mgeni akivaa vizuri. Tena hizi tartani za koo nyingi kama tunavyozijua leo zimepangwa kwenye karne ya 19. Baada ya vita vya Culloden vya 1746, serikali ilipowashinda waasi wa Uskoti, mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti yalipigwa marufuku kwa sheria mpaka 1782, ikaja kuwa mwaka 1822 mfalme George IV anatembelea Edinburgh, mwandishi Walter Scott akapanga mapokezi yaliyojaa tartani, na tangu hapo likawa vazi la taifa zima.

Kama roho bado inasita chagua zile za watu wote, Black Watch ya bluu na kijani iliyoiva, Hunting Stewart, au Isle of Skye yenye zambarau ambayo kwenye ngozi nyeusi inapendeza mno, hiyo mimi ndio naipenda. Ya kuacha ni Balmoral, ni ya familia ya kifalme. Tartani yoyote mnayoipenda itafute kwenye Rejista ya Tartani ya Uskoti, iko mtandaoni tangu 2009, kutafuta ni bure, utaona imesajiliwa kwa ajili ya nani na kama ina masharti.

SWALI: Shangazi shikamoo, seti niliyoagiza imekuja na kile kisu kidogo cha kuchomeka kwenye soksi. Ni halali kutembea nacho? Na wiki ijayo napanda ndege Edinburgh kwenda London kwenye sherehe. Kijana wa Leith

SHANGAZI: Marahaba. Kinaitwa sgian dubh, kinakaa soksi ya kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Kutembea na kisu hadharani ni kosa, ila sheria ya Uskoti ya 1995 inakubali utetezi wa vazi la taifa, na England nako utetezi huo upo, kwa hiyo ukiwa umevaa kilti yako kamili unaelekea sherehe huna shida. Ukishabadilisha nguo ukavaa jeans kisu kisibaki mfukoni. Kwenye ndege usiingie nacho ndani, kifunge vizuri kwenye begi linaloshushwa chini, na kama una begi la mkononi peke yake kiache nyumbani au nunua kile cha mapambo, mpini tu bila makali, soksini hakuna atakayeona tofauti.