Usitume hiyo programu: long long upande wa kushoto haikuokoi

Mkuu, usitume kwanza. Umeuliza kama, kwenye C++, kubadilisha kigeu cha jibu kuwa long long (namba nzima ya biti 64) kunatosha namba zisifurike, yaani zisizidi nafasi ya chombo chake zikaharibika. Nimeuona mstari wako, `long long jumla = a * b;`, na a na b zote ni int (namba nzima ya biti 32). Mstari kama huo ndio ulioniliza.

Mwaka wa pili chuoni, mashindano ya timu, watu watatu kompyuta moja. Swali lilikuwa jepesi: watu n, kila mmoja anapeana mkono na kila mwenzake mara moja, jumla ni mara ngapi? n inafika 100,000. Nikaandika `long long jibu = n * (n - 1) / 2;` nikatuma dakika ya nane. Likakataliwa. Mfano wa kwenye karatasi ulikuwa n = 4, jibu 6, na programu yangu ilitoa 6. Basi nikaanza kutafuta mchawi: labda n ikiwa 1, labda nafasi mwishoni mwa mstari. Nikatuma tena. Na tena. Mara nne zikakataliwa. Kwa kanuni za ICPC, mashindano ya kimataifa ya programu ya vyuo vikuu, kila jibu lililokataliwa linakuongezea dakika 20 ukija kulipata swali. Dakika 80 zimekwenda kwenye kupeana mikono, na wenzangu wamekaa wanasubiri niachie kibodi.

Mmoja wao ndiye aliyesema, "Hebu weka 100,000 tuone." Ikatoka 704982704. Jibu sahihi ni 4999950000. Itazame vizuri hiyo namba: si hasi, haitishi, inafanana kabisa na jibu. Ingekuwa hasi ningeshtuka mapema.

int inaishia 2,147,483,647. Kompaila, inayotafsiri programu yako kwa lugha ya mashine, haiangalii umeandika nini kushoto. Inaona int mara int, inazidisha kwa biti 32, namba inaharibika pale pale, kisha uharibifu ndio unaomiminwa kwenye chombo kikubwa. Maji yakimwagika hayazoleki, hata ulete pipa.

Na yule mkubwa wetu wa kikundi cha mazoezi aliyetuambia "weka long long kwenye jibu, umemaliza", tena kwa sauti ya mtu anayejua, mpaka leo namkasirikia. Ukiwafundisha wadogo zako kitu nusu, nusu iliyobaki wanailipia wao.

Panua kabla ya kuzidisha. Andika `1LL * n * (n - 1) / 2`. Hiyo 1LL, yaani moja ya aina ya long long, ikae mwanzoni, maana kuzidisha kunaanzia kushoto. Ukiiweka mwisho, n * (n - 1) imeshaharibika. `1 << 40` (kusogeza biti, yaani 2 kwa kipeo cha 40) nayo iwe `1LL << 40`. accumulate, ile ya kujumlisha safu, ukiianzishia 0 inajumlisha kwa int hata kama safu yako ni ya long long, ianzishie 0LL. Kwenye maswali yanayotaka mabaki ya kugawa kwa 1,000,000,007, zidisha namba mbili, chukua mabaki, ndipo uzidishe ya tatu. Mbili zinafika kama 10^18 na long long inabeba kama 9.2 × 10^18, tatu hazikai.

Ukiwa mazoezini weka `-fsanitize=undefined` unapokompaili, itakutajia mstari wenyewe uliofurika.

Sasa rudi kwenye programu yako, weka a na b zote 100,000. Ukiona 1410065408, bado. Inatakiwa itoke 10000000000.