Fani Nne, Swali Moja

Kwa miaka mingi kadi yangu ilikuwa na maneno manne chini ya jina: mchoraji, mchongaji, mbunifu wa mabango, fundi samani. Nilidhani ni kadi ya mtu hodari. Mteja mmoja aliipindua nyuma, akairudisha mbele, akaniuliza, "Sasa wewe hasa ni nani?" Kadiri nilivyojieleza ndivyo kazi ilivyozidi kuniponyoka.

Nawe ukiwa na fani nyingi, usiache hata moja kwa sababu ya swali hilo. Kosa langu lilikuwa kuzitandaza kama bidhaa za mchuuzi, kila moja kivyake.

Isamu Noguchi alikuwa mchongaji. Mwaka 1935 alianza kumbunia mcheza dansi Martha Graham mandhari ya jukwaa la dansi, na mwaka 1951 akaanza kutengeneza Akari, taa zake za karatasi. Zitazame vizuri: ni mchongaji yule yule, safari hii anachonga mwanga. Mchoraji Sonia Delaunay naye alimshonea mwanawe blanketi la viraka mwaka 1911, na viraka vile vikamsogeza kwenye uchoraji dhahania, ule wa rangi na maumbo yasiyoiga kitu halisi. Alikuwa anamfunika mtoto tu!

Mimi bango moja lilinigomea wiki nzima. Herufi zilikaa kwenye skrini zimepooza. Nikazikata kwenye kadibodi kwa kisu cha karakana, nikazisimamisha mezani, nikawasha taa upande mmoja. Kivuli cha herufi ya pili kikaangukia ya tatu, zikashikana. Nikapiga picha, nikachora upya kutokana na hiyo.

Baadaye nilitandaza sakafuni picha za kazi zangu zote, na kivuli kilikuwa karibu kila mahali. Nawe fanya hivyo, kisha panga kazi zako kwa kile unachokirudia, si kwa fani. Zisizo na ndugu ziondoe. Mbili kati ya nilizoondoa nilizipenda mno, na bado zinaniuma. Kwenye kadi nikabakiza jina tu.

Kuhusu malipo: kazi ikibadilika katikati, andikianeni upya kabla hujagusa kifaa. Niliwahi kuanza na nembo nikaishia kuchonga kaunta, kwa malipo ya nembo.

Wala usirukie fani ya pili wakati ya kwanza bado inakupiga chenga. Mimi nilikaa na mbao miaka sita kabla sijapokea malipo ya mchoro. Mbao haina simile. Ukikosea kipimo, kiti kinayumba mteja akiwa amekikalia.