Ukitaka watu watembee Posta, anza na kivuli na mtaro

Mazungumzo ya kuipendezesha katikati ya Dar es Salaam huanza na michoro mikubwa: vigae vya kung'aa, chemchemi, mtaa mzima uliofungwa magari. Mimi nimefanya kazi mitaa ya Posta na Kisutu kwa miaka mingi, natembea kwa miguu mchana na jioni, na nimehudhuria vikao vya mtaa vilivyojadili njia za waenda kwa miguu. Ushauri wangu kwa anayetaka mji huu utembeke ni kwamba vigae vinaweza kusubiri. Kivuli hakiwezi, mtaro ulio wazi hauwezi, na muuza kahawa asiguswe.

Kivuli nakitanguliza kwa sababu ya jua letu. Kati ya Januari na Machi joto hupita nyuzi 30, na unyevunyevu wa bahari unalizidisha. Mwenye pesa ya bajaji hatembei hapo hata kama anakwenda mitaa miwili mbele. Waliojenga Uhindini ya zamani, mitaa ya Wahindi hapa katikati ya mji, walilijua hilo. Pita Mtaa wa Jamhuri au Indira Gandhi uangalie majengo machache ya zamani yaliyobaki. Utakuta ghorofa ya juu imetokeza mbele, na chini yake mpita njia anakwenda kivulini duka hadi duka. Mvua ikimkuta anajibanza papo hapo. Maghorofa ya vioo yaliyochukua nafasi ya majengo kama hayo yameacha ukuta mtupu, na mbele yake magari yameegeshwa. Kwa hiyo mkiitwa kutoa maoni kuhusu jengo jipya mtaani kwenu, msiishie kwenye urefu wake. Ulizeni mtu atapita wapi mbele ya jengo hilo saa saba mchana, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Halafu miti. Ule mti wa mwashoki, mrefu na mwembamba, unapandwa kila mbele ya jengo jipya kwa sababu hausumbui na unapendeza kwenye picha. Kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja. Pandeni mwarobaini, mkungu au mkrismasi. Mkungu unaangusha majani mengi, ni kweli, na watu wa usafi watalalamika kwa haki. Waongezewe wasaidizi, mti ubaki. Na fundi akimwaga zege la njia asiuzibe mti shingoni. Uachiwe udongo wa kunywea maji, la sivyo mizizi itakuja kupasua njia yenyewe.

Kuhusu mtaro, aliyenifundisha ni rafiki yangu anayetumia kiti mwendo. Tulishuka pamoja kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kisutu tukielekea duka la dawa mitaa michache mbele. Kituoni hakupata taabu: jukwaa limelingana na sakafu ya basi, na mteremko wa kutokea upo. Mradi ule wa mwendokasi ulipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, na ukitembea kandokando ya Barabara ya Morogoro unaona mtembeaji naye alifikiriwa. Taabu ilianza tulipokata kona. Mfuniko wa mtaro ulikuwa umevunjika, nondo imechomoza, na mtu mwema ametandika ubao juu yake. Mbele kidogo gari la ofisi moja lilikuwa limepanda juu ya njia mpaka pua yake inagusa ukuta. Rafiki yangu akashuka barabarani, katikati ya bajaji na bodaboda, kwa sababu hakuwa na pengine pa kupita. Aliponionyesha gurudumu dogo la mbele ndipo nilipoelewa: linanasa kwenye pengo la vidole vitatu, pengo ambalo mimi nilikuwa nalivuka kila siku bila kuliona.

Kwa hiyo kabla hamjaandika barua yoyote, tembeeni. Msitembee vijana wenye afya peke yenu. Mwombeni anayetumia kiti mwendo, asiyeona mwenye fimbo nyeupe, mzee mwenye mkongojo na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi, na wao ndio watangulie. Pigeni picha kila kikwazo na muandike kiko mbele ya jengo gani. Mifuniko ya mitaro ombeni iwe ya zege, maana ya chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na kwenye barua itajeni Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, ili anayeisoma ajue kwamba hamuombi fadhila.

Sasa wamachinga. Mwaka 2021 walipoondolewa kandokando ya barabara, nilisikia wengi wakishangilia kwamba njia zimefunguka. Zilifunguka, sikatai. Lakini sehemu kadhaa ninazopita, nafasi ile ile ilichukuliwa na magari, na gari halikuuzii dafu wala halikuelekezi njia. Muuza kahawa na kashata zake, fundi viatu, mama lishe: hawa ndio macho ya mtaa. Mgeni akipotea anawauliza wao, binti akifuatwa na mtu anasimama karibu nao. Nimeona utaratibu mmoja ukifanya kazi: wafanyabiashara na uongozi wa mtaa walipima pamoja nafasi ya watu wawili kupishana, wakaipaka mstari wa rangi, na meza zikabaki ng'ambo ya mstari. Waliulinda wenyewe, kwa sababu walishirikishwa kuuchora. Mstari uliochorwa na mgambo peke yao haudumu.

Jioni ina funzo lake. Barabara ya Samora baada ya ofisi kufungwa hupoa haraka, na kina dada niliofanya nao kazi hawapendi kuipita peke yao. Geuka Kisutu na utakuta taa, harufu ya mishikaki, watoto, wazee vibarazani. Tofauti ni kwamba huku ghorofani wanaishi watu. Ofisi nyingi za serikali zimehamia Dodoma. Majengo yanayobaki bila kazi mjini ningependa yageuzwe nyumba za kuishi, zikiwemo za kodi ya chini, kabla mtu hajafikiria kuleta jukwaa la muziki la wikiendi.

La mwisho ni wapi mpeleke maneno yenu, maana barua nyingi nzuri hufia kwenye ofisi isiyohusika. Mitaa mingi ya ndani iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Biashara ndogo, usafi na bustani ni mambo ya halmashauri ya jiji. Anzieni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hoja ipite kwenye mkutano wa wananchi, kisha iende kwa diwani ikiwa na muhtasari na picha. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla. Barua ya Mei imechelewa. Ya Oktoba bado ina nafasi.