Vidonge vya damu vinanitapisha

SWALI: Nina mimba ya wiki 8. Natapika kutwa, na vidonge vya kuongeza damu ndiyo vinazidisha. Niviache?

JIBU: Usiviache kimyakimya, dada, mwambie mkunga. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo huchokoza tumbo, hasa likiwa tupu. Jaribu kumeza usiku baada ya kula. Ikishindikana, anaweza kukubadilishia dozi, lakini asidi ya foliki (vitamini inayolinda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto), mikrogramu 400 kwa siku, usiikatize kabla ya wiki ya 12.

Kichefuchefu chenyewe hukolea karibu na wiki ya 9, na wengi hupata nafuu kufikia ya 16. Weka biskuti kavu kando ya kitanda, utafune mbili kabla hujainuka, kisha tulia dakika 15. Kula kidogo kila baada ya saa mbili, maana njaa nayo hutapisha. Maji yanywe kwa mafunda madogo, katikati ya milo. Ukishatapika sukutua tu. Mswaki usubiri nusu saa, kwani asidi ya tumbo hulainisha meno.

Mkojo ukiwa mweusi, au chochote kisikae tumboni kwa saa 24, nenda hospitali siku hiyohiyo.