Barua kwa mwanangu: kwa nini tuligawanyika

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unasema mchumba wako, Mkatoliki, alikuuliza kwa nini sisi Waanglikana wa Mkunazini tulijitenga na Roma, nawe ukamjibu, "Mapapa walikuwa wakiuza msamaha." Akanyamaza. Sasa unaniuliza kama ulimjibu sawa. Ulimjibu nusu, mwanangu, na huyo ndiye utakayeishi naye.

Rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi unaotolewa na Kanisa, ziliuzwa, hilo halina ubishi. Kule Ujerumani, Albrecht alikuwa askofu mkuu wa Magdeburg, akautaka na uaskofu mkuu wa Mainz. Roma ikadai fedha nyingi kwa ruhusa hiyo, naye akakopa kwa akina Fugger, matajiri wa Augsburg. Ili alipe, akaachiwa kusimamia rehema katika majimbo yake: nusu ya makusanyo kwa deni, nusu kwa ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro. Mjane aliyempa Johann Tetzel, mhubiri wa rehema hizo, sarafu zake ili marehemu mumewe apunguziwe mateso ya toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kufa, hakujua kuwa nusu yake inakwenda kwa mkopeshaji. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Hata Luther, mtawa wa Kijerumani, alipoandika hoja zake 95 za kupinga rehema hizo mwaka 1517, habari za deni hilo hakuwa nazo.

Lakini ingekuwa ni fedha tu, ugomvi ungekwisha. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1563, na bado hatukurudiana. Kilichotugawa khasa ni suala la nani mwenye kauli ya mwisho. Miaka mia moja kabla ya Luther, watu watatu walidai upapa kwa wakati mmoja, na mtaguso uliokutanishwa mjini Konstanz kumaliza fitina hiyo ndio uliomhukumu Jan Hus, padri wa Bohemia aliyelikosoa Kanisa, akachomwa moto mwaka 1415. Luther alipoitwa mjini Worms mwaka 1521 ayakane maandishi yake, alisema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Yeye hakuchomwa: mtawala wake, Frederick, alimficha, na mitambo ya kuchapa ilikwisha kuyasambaza maneno yake.

Kisha Waprotestanti wenyewe kwa wenyewe wakashindwana. Mwaka 1529, kule Marburg, Luther na Zwingli, mwanamageuzi wa Uswisi, walikubaliana hoja 14 kati ya 15. Iliyobaki ilihusu mwili na damu ya Bwana katika Ushirika Mtakatifu, nayo ikawatenga moja kwa moja.

Sisi Waanglikana tuna letu, na usimfiche mwenzio. Mfalme Henry wa Nane aliwahi kuandika kumpinga Luther. Alipokataliwa na papa kubatilisha ndoa yake, akavunja uhusiano na Roma, na mwaka 1534 bunge likamtambua kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Imani yetu ilikuja kupata waalimu wema baadaye, lakini mlango ulifunguliwa na mfalme aliyetaka mke mwengine.

Na hapa Unguja? Wamisionari wetu walitoka katika Waanglikana waliopenda ibada za kale, ndiyo maana mtu akija misa Mkunazini akasikia ubani huweza kudhani yuko Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki. Mwaka 1913, kule Kikuyu, Kenya, maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda walikutana na wamisionari wa madhehebu mengine ya Kiprotestanti, wakashiriki Meza ya Bwana pamoja. Askofu wetu Frank Weston aliwashitaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wameingia katika uzushi. Nampenda Weston kwa namna alivyowatetea Waafrika dhidi ya kazi za kulazimishwa, lakini katika hili naona alikuwa mkali kupita kiasi.

Kwa hiyo mwambie mchumba wako kwamba kwao palikuwa na makosa na kwetu pia, kisha muulize yeye anaamini nani mwenye kauli ya mwisho. Hilo mlizungumze kabla hamjafika kwenye watoto watabatizwa wapi. Na nendeni kwa padri wake mapema, kwa sababu Kanisa Katoliki linataka ruhusa kabla Mkatoliki hajafunga ndoa na Mkristo wa kanisa jengine. Mimi nitazungumza na padri wetu Jumapili hii baada ya misa.

Mama yako