Mwanangu wa kiume anacheza "mama", nimpeleke kwa mganga?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Mikindani. Mwanangu wa kiume, miaka mitano, kila jioni anacheza baba na mama na wenzake chini ya mkorosho. Yeye ndiye anayejifunga kanga, anapika na kubeba gunzi mgongoni kama mtoto. Wifi yangu anasema ana jini la kike, na ameshapata mtu wa kumchanja chale. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usimpeleke. Na huyo mtu, wifi amwambie asijisumbue kuja.

Mtoto anamwiga anayemwona kutwa nzima, yaani wewe. Hajageuka mwanamke, kama vile anayekuwa "basi" hajaota magurudumu. Kati ya miaka 3 na 6 ndiyo wanakolea kwenye michezo hii. Mmoja aliwahi kunipikia ugali wa mchanga kwenye kizibo, akaupuliza kwanza, akasema, "Subiri, utaungua." Hebu fikiri: anawazia mdomo wa mtu mwingine! Hapo pia wanajifunza kusubiri zamu na kupatana: leo wewe baba, kesho mimi.

Kinachonichosha ni hili jini. Kila wiki naletewa mtoto mzima wa afya, ana chale kifuani, kisa alicheza. Wembe uliopita kwa watu wengine unaweza kumwachia homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na kidonda kichafu kinaweza kuleta pepopunda. Hayo ndiyo ya kuogopa. Kuna na wanaodai fimbo ndiyo dawa. Mtoto aliyechapwa haachi kucheza, anahamia nyuma ya nyumba, usikomwona.

Na unatakiwa umwone. Akiigiza mambo ya chumbani kwa undani usio wa umri wake, au akitaja mtu mzima aliyemfundisha "mchezo wa siri", usimfokee. Msikilize, kisha piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda ustawi wa jamii. Vilevile mtoto wa miaka mitatu asiyeigiza chochote, haitiki jina lake, hazungumzi, mleteni hospitali. Hao ndio wanaotufikia wakiwa wameshazungushwa kwa waganga mwaka mzima, na muda wa kuwasaidia umeliwa.

Kwa wako, kagua jiko lao tu. Kiberiti wanyang'anye, na korosho mbichi wasizibanje wenyewe, mafuta ya ganda lake yanababua ngozi. Kanga mpe iliyochakaa. Ile ya harusi ifiche.